Nilivyonakili CD ya harusi yenye sauti ya marehemu mzee: maua ya vitenge yalitoka safi, mzee ndiye aliyekatika

Jumatatu, mwezi wa nne unaelekea ukingoni. Mvua imepiga tangu alfajiri, ikakatika mchana. Sasa hivi kuna wingu zito upande wa ziwani na migomba inadondosha maji. Kakao haijakauka.

Wakuu, mugonile.

Mnisamehe kuanza na hali ya hewa, nimezoea. Kila jioni huwa naandika mistari michache kuhusu siku ilivyokwenda, na siku yangu bila mvua naiona haina kichwa.

Hiki ninachowaletea sijakitia chumvi. Mke wangu amekisoma kabla yenu na kunisahihisha sehemu mbili. Kama kuna uongo umebaki, basi ni ule ambao hata yeye hakuuona, na yeye huona vingi.

Elimu yangu ni kidato cha pili, tena sikumaliza. Mambo ya kompyuta nayajua kwa kuchungulia bega la mtu. Wataalamu mkiona nimekosea jina la kitu, nirekebisheni taratibu.

Dada yangu aliolewa miaka kadhaa nyuma, hapahapa nyumbani, Makwale. Mpiga video alituachia DVD mbili. Moja ya original, ina picha ya maharusi juu. Ya pili nyeupe tupu, imeandikwa kwa marker neno moja: BACKUP.

Ile original iliazimwa ikaenda Ipinda. Kilichorudi ni kasha. Ndani tulikuta CD ya mieleka. Aliyeazima anaapa alirudisha alichochukua, na mimi siku hiyo sikuwepo nyumbani, kwa hiyo siwezi kumhukumu.

Mpiga video naye alishahama na kompyuta yake ilikufa. Ikabaki ile nyeupe peke yake. Backup isiyo na backup.

Sasa mtasema, si harusi tu, kuna nini.

Kuna mzee.

Baba yangu ni marehemu. Enzi za uhai wake alikuwa akiona kamera anakumbuka kuwa ng'ombe hawajanywa maji. Picha yake tuliyonayo ni ile ya kitambulisho tuliyoikuza, na ipo chumbani kwa Mama. Lakini kwenye ile CD, kuelekea mwisho kabisa, mzee anasimama, anakohoa, halafu anazungumza na dada yangu mbele ya watu. Hapo ndipo mahali pekee duniani ambapo baba yangu bado anatembea na kusema.

Na shangazi yangu, dada yake mzee, hajawahi kuiona.

Shangazi ameolewa Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe. Wakati wa harusi alikuwa amelazwa. Mwezi huu akatuma ujumbe kwamba anakuja Jumamosi. Anataka kumsikia kaka yake, na anataka kuondoka na nakala yake mwenyewe, kwa sababu miguu yake haimhakikishii safari nyingine.

Nikaitia ile CD kwenye deki kuijaribu. Ikaanza kukwama. Inaenda, inaganda, inaenda.

Wakuu, nilitoka jasho. Niliona nikizubaa tutampoteza mzee mara ya pili, na safari hii mkosaji atakuwa na jina, nalo ni langu.

Jirani yangu Lusekelo akanishauri niipake ganda la ndizi. Alisoma mahali kwamba linaziba mikwaruzo. Sijui kama ni kweli, sina ushahidi wa kukubali wala kukataa. Ila nimtendee haki Lusekelo: alisema ndizi iliyoiva. Nilimsikia vizuri kabisa.

Shida ni kwamba kwenye nyumba yenye watoto ndizi iliyoiva hailali. Zilizokuwepo ni za kupika. Nikajiambia ndizi ni ndizi.

Nyie mnaomenya ndizi mbichi mnaujua utomvu wake. Nilipaka, nikafuta na shati, CD ikang'aa vizuri. Pale ukingoni tu palibaki kama kivuli cha rangi ya chai. Nikakiona kidogo, nikakidharau.

Nikaenda Kyela mjini kwa kijana mmoja, Gwakisa, ana kibanda karibu na stendi. Anaweka nyimbo na muvi kwenye flash, anachapa barua, anatengeneza simu. Mtu wa maneno mengi lakini si mwizi. Nikamwambia nataka kunakili hii. Akauliza kwenye flash au kwenye CD. Nikasema flash, maana ndiyo niliyokuwa nayo mfukoni.

Haikuchukua muda. Akanipa, akasema imekaa full HD.

Nyumbani nikaichomeka kwenye TV, nikamwita mke wangu, Mama Atu. Yeye ni fundi cherehani. Alitazama kidogo tu, akauliza wale kina mama wa kamati wamevaa nini.

Nikasema vitenge.

"Vitenge gani? Mimi ndiye niliyevishona, Baba Atu. Maua yako wapi?"

Nikasogea. Kweli, maua hayakuwepo. Kina mama wa kamati walikuwa wamevaa uji. Tukaweka ile CD yenyewe kwenye deki, na hata kwa kukwamakwama kwake maua yakaonekana, na pindo, na kifungo kimoja ambacho Mama Atu alisema kilimtesa.

Kwa hiyo nikarudi kwa Gwakisa kesho yake, na maneno makali nimeyapanga njia nzima. Nilipofika yakaisha, kwa sababu alinijibu vizuri. Alisema wateja wake wengi wanatazama kwenye simu, kwa hiyo yeye hubana video iwe ndogo. "Wewe ulisema flash, mkuu. Hukusema unataka na ubora." Na kweli sikusema.

Hapo ndipo nilipojifunza, na ndiyo sababu nimefungua uzi huu. Video ikishakuwa kwenye DVD, ukiigeuza kuwa faili la aina nyingine unaibana upya, na kila ukiibana kuna kitu kinatupwa. Ukitaka nakala inayolingana na mama yake, usiigeuze. Unamwambia mtu wako aichukue DVD nzima ilivyo, kompyuta inatengeneza faili moja kubwa ambalo ni kama DVD yenyewe imelala ndani ya mashine. Baadaye faili hilo linachomwa kwenye DVD tupu. DVD tupu iwe na ukubwa usiopungua ule wa ya zamani, la sivyo program itabana tena ili ienee. Na uchomaji uwe wa mwendo mdogo. Gwakisa anasema ukikimbiza, deki za zamani zinagoma kusoma.

Akaanza kazi. Katikati ya kunakili laptop ikalalamika, kikatokea kidirisha chekundu. Gwakisa akabonyeza kitu, ikaendelea. Nikamuuliza kuna nini. Akasema kuna sehemu haisomi, inairuka kidogo tu.

Mimi sikuuliza inaruka nini. Yeye hakusema. Hapo naona tuko sawa kwa sawa.

Nilirudi na DVD mpya Ijumaa. Ikabidi ikaguliwe yote kabla Shangazi hajafika. Nani aikague? Mama yangu macho yana mtoto wa jicho. Mimi nilikuwa na kakao ya kugeuza, na pia, niseme ukweli, nikimwona mzee kwenye kioo macho yangu yanaingia maji na sioni tena kama picha ni safi au chafu. Mwenye macho ya kazi hapa kwetu ni mmoja.

Mama Atu akakaa akaikagua. Mimi nikiwa uani namsikia anacheka peke yake, anataja majina ya watu na nguo zao. Mwisho akatoka akaniambia iko sawa, hadi mshono wa gauni la bibi harusi anauona.

Nikafurahi. Nikalala vizuri.

Jumamosi Shangazi akafika na basi la kutoka mpakani Kasumulu, na mabegi, na fimbo yake, na vichekesho vyake. Mtu akiwa na umri ule na bado anakutania kuhusu kitambi chako mbele ya watoto, unajua bado yupo yupo. Tukala mchana, tukajipanga sebuleni. Mama kwenye kochi, Shangazi pembeni yake, wameshikana mikono kama wasichana. Lusekelo naye alikuja, ushauri wake wa ndizi ulimpa haki ya kualikwa.

DVD ikaanza. Safi kama maji ya mto Mbaka kiangazi. Maua ya vitenge unaweza kuyahesabu. Shangazi anauliza huyu nani, yule nani, Mama anajibu kwa sauti za watu maana nyuso hazioni. Mimi nimekaa kiti cha nyuma, nimevimba kichwa.

Likaja lile fungu. Tukamsikia mzee anakohoa.

Mama Atu akachukua bakuli, akatoka.

Mzee akasimama, akafungua mdomo. Akaganda. Uso ukagawanyika vipande vya mraba, jicho moja likaenda begani, mdomo ukabaki peke yake unasema "mwa, mwa, mwa". Halafu pu, tukaruka hadi kwenye keki.

 Kwenye TV watu wanashangilia keki.

Mama akauliza amemaliza kusema? 

Shangazi akanigeukia taratibu. "Mwanangu. Kaka yangu umemkatakata kama nyama ya mnadani."

Sikuwa na pa kuweka uso. Nikasema imekaguliwa yote, kwa kweli imekaguliwa. Akauliza nani kaikagua. Sauti ikatoka nyuma ya mlango wa jikoni, ya Mama Atu.

"Mimi, Shangazi. Ila pale sikuangalia."

"Kwa nini hukuangalia?"

"Alikohoa."

Wakuu wasio wa huku, subirini niwaeleze, maana hapo ndipo penyewe.

Kwetu Wanyakyusa mkamwana, yaani mke wa mtoto wako, haonani uso kwa uso na baba mkwe. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, siwezi kuwasemea. Yetu haikulegeza. Miaka yote Mama Atu alipoishi hapa na mzee, wakikutana njiani yeye anaingia kwenye kakao mpaka mzee apite. Ndiyo maana mzee alikuwa anakohoa kabla hajatokea popote, kumpa mkwewe nafasi ya kuondoka. Si ugomvi. Ni heshima, na kwa namna yao walikuwa wanapendana kwa njia hiyo. Mama Atu alimjua mzee kwa kikohozi na kwa kandambili zake. Hata msibani alijifunika khanga. Na ile picha ya chumbani kwa Mama hajawahi kuiona, maana chumba kile haingii.

Kwa hiyo Ijumaa alipokuwa anakagua, mzee akakohoa, naye miguu ikamtoa nje hadi jikoni. Alirudi alipowasikia watu wa keki. Kwa upande wake aliikagua yote, kama alivyoizoea siku zote.

Na mimi niliyezaliwa kwenye mila hiyo, sikuwaza. Nilimkabidhi ukaguzi mtu pekee katika nyumba hii ambaye fungu lile hawezi kulitazama.

Shangazi alianza kucheka kimyakimya, mabega yanacheza. Halafu Mama. Halafu Lusekelo akaangusha kikombe. Shangazi alicheka mpaka akatumia ncha ya kitenge kufutia machozi, na sikuwa na hakika kama yote ni ya kicheko. Kwa sababu alipomaliza aliuliza, polepole, kama ile nyeupe ya zamani bado inasema.

Tukaijaribu. Ikakwama palepale.

Hapo hakuna aliyecheka.

Nikaitoa nikaielekeza dirishani. Kile kivuli cha rangi ya chai kilikuwa kimekauka ukingoni. Kumbe DVD huandikwa kuanzia kwenye tundu la katikati kwenda nje, na mzee yuko mwishoni, kwa hiyo yuko ukingoni. Nilikuwa nimempaka baba yangu utomvu wa ndizi usoni.

Nikawaambia wote. Lusekelo akasema, "Mimi nilisema iliyoiva." Nikakubali.

Shangazi akasema Jumapili haondoki, atasubiri. Halafu akamwita Mama Atu atoke jikoni. Akamfunga kiunoni chitenje kipya alichokuja nacho kutoka Karonga, akamwambia yeye Shangazi ndiye baba yake wa kike katika ukoo huu, na kaka yake ameshapumzika, hana tena njia ya kupishwa.

"Keshokutwa nenda mjini na mumeo. Ukamkague mkweo. Macho ni yako, na mimi ndiye ninayekutuma."

Sijui kama koo nyingine zinafanya hivyo. Wazee mnaosoma, kama Shangazi alikosea niambieni, ila kwetu yeye ndiye mwenye neno la mwisho. Mama Atu alipiga magoti, akasema ndaga fijo, yaani asante sana.

Leo asubuhi tumeshuka Kyela na mvua yote ile, CD nimeiweka kifuani ndani ya koti.

Gwakisa alipoiona hakunicheka, nampa alama. Tuliiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo kidogo. Mama Atu alikuja na kitambaa laini cha pamba kutoka kwenye vipande vyake vya kushonea. Kufuta ni kutoka tunduni kwenda ukingoni, mstari ulionyooka. Usizungushe, maana mkwaruzo wa kuzunguka unafuata njia ya kusomea na unaharibu zaidi. Mimi nilikuwa nimezungusha. Ule utomvu ulibanduka taratibu, Mama Atu anapumulia, anafuta, anapumulia.

Safari hii Gwakisa aliitia kwenye kompyuta kubwa ya zamani iliyokuwa chini ya meza, anasema kisomeo chake ni kivumilivu. Akaondoa tiki kwenye sehemu inayoiambia kompyuta iruke makosa, kwa hiyo ikifika pagumu inarudia mpaka ikubali. Ilisoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Inakwenda, inarudi, inanguruma. Pale ukingoni ilikaa muda mrefu hadi nikatoka nje kusimama kwenye mvua, maana kukaa ndani nilikuwa nashindwa.

Gwakisa akaniita. Imemaliza, na kidirisha chekundu hakikutokea.

Kabla ya kuchoma akasema tuangalie faili kwanza. Akapeleka mbele hadi mwishoni. Mzee akakohoa.

Mama Atu aliinuka kwenye stuli. Ni miguu, si yeye. Halafu akashika kile chitenje kiunoni, akakaa.

Mzee akasimama, mzima, uso wote, akamwambia dada yangu: "Ukichoka huko, njia ya kurudi unaijua. Mimi nitakuwa naifyeka."

Mara hii na mimi nilitazama. Macho yaliingia maji, nikatazama hivyohivyo.

Gwakisa akauliza, "Mama, picha iko sawa?"

 Mama Atu akaomba irudiwe. Ikarudiwa. Akasogea karibu na kioo kama anavyosogelea mshono.

"Picha iko sawa," akasema. "Koti ndilo haliko sawa. Linambana bega la kushoto."

Tukachoma DVD, mwendo mdogo kabisa. Njiani kurudi, mimi na Mama Atu tukakaribia Ipyana. Ndipo akasema, akiangalia mashamba ya mpunga, "Nimekaa naye miaka yote ile. Ningekuwa nimemwona hata mara moja, ningemshonea lake."



Shangazi ametazama mchana huu. Mzee aliposema ataifyeka njia, yeye akamjibu kwa Kinyakyusa kama yupo palepale sebuleni, wakaongea hivyo mpaka keki ikaja. Kesho anavuka na nakala yake. Lile faili kubwa lipo kwa Gwakisa, jingine nimelihifadhi kwenye flash ya dada, na ile nyeupe ya zamani imestaafu.

Nilichojifunza, kama kina maana. Ukienda kunakili, sema neno ubora kabla ya neno flash. Kompyuta ikilalamika, uliza inaruka nini. Ndizi za kupika, pikeni. Na nakala usiseme imekaguliwa mpaka ujue mkaguzi wako hutoka sebuleni wakati gani.

Wenye CD za namna hii kabatini, semeni hapa chini mmezihifadhi vipi. Na anayejua kama faili la DVD nzima linaweza kukaa kwenye flash miaka mingi bila kuharibika anijibu, maana Gwakisa anasema ndiyo na mimi bado nina wasiwasi.

Jioni hii Mama ameitoa ile picha ya mzee chumbani na kuitundika juu ya TV. Tumekula wali wetu wa Kyela na mbasa wa kuchoma aliyeletwa kutoka ziwani, na majani ya maboga. Mama Atu amekula palepale sebuleni, mkabala na mkwewe, na amejipakulia sahani ya pili.